Ongezeni Siku, Punguzeni Fulana

Mwanza ina msimu wa kamati za mlima. Mabenki, vyuo, kwaya, vikundi vya mbio za Jumamosi alfajiri, kila mahali limeibuka kundi la WhatsApp lenye picha ya Kibo, kilele cha Kilimanjaro, na jina la kujitapa. Mwenyekiti keshapatikana, mweka hazina keshapatikana, kadi za ahadi zinazunguka. Ukisoma mijadala yao utadhani ni kamati ya harusi. Rangi ya fulana hujadiliwa wiki mbili, mgeni rasmi wa hafla ya kuwaaga wiki nzima, na bango la kupigia picha kileleni hupigiwa kura. Idadi ya siku za kukaa mlimani huamuliwa kwa dakika mbili, na jibu halibadiliki: tano, maana likizo ni fupi na tano ndiyo nafuu.

Makala haya yanahusu dakika hizo mbili.

Sina ugomvi na hamu yenyewe. Bado wapo watu wazima, wasomi, wanaosema kupanda Kilimanjaro ni starehe ya wazungu, na kwamba mtu mwenye akili timamu hawezi kulipa fedha ili akateswe na baridi. Historia haiko upande wao. Mwalimu Nyerere, mtoto wa Butiama, katika mkoa unaopakana na Ziwa Victoria hili hili, ndiye aliyetaka mwenge uwashwe juu ya mlima ule. Usiku wa kuamkia tarehe 9 Desemba 1961, Luteni Alexander Nyirenda akaufikisha mwenge na bendera kileleni, na kilele kilichokuwa na jina la mfalme wa Ujerumani kikawa Uhuru. Miaka 72 kabla ya hapo, Oktoba 1889, Hans Meyer na Ludwig Purtscheller walipofika juu wakaingia vitabuni, wenyeji wa Marangu walishajua njia za msituni, na Yohani Kinyala Lauwo ndiye anayetajwa hadi leo kuwa kijana aliyewaongoza. Mlima huu una Waafrika tangu ukurasa wa kwanza. Tatizo letu sisi wa Kanda ya Ziwa limo kwenye daftari la bajeti.

Nianze na hoja inayojitokeza karibu kila kikao, kwa sababu nusu yake ni kweli na nusu iliyobaki inaweza kumlaza mtu hospitali. Husemwa hivi: sisi tunaishi juu, tumeshazoea. Ni kweli Mwanza iko juu. Uso wa Ziwa Victoria uko mita 1,134 kutoka usawa wa bahari, na hakuna mtaa wa jiji hili ulio chini ya hapo. Moshi mjini, chini ya miguu ya mlima wenyewe, haifiki mita 1,000. Mvuvi wa Kayenze huamka kila siku akiwa juu kuliko kijana wa bodaboda wa stendi ya Moshi, jambo ambalo watu wa Moshi hawapendi kukumbushwa.

Lakini mwili hauhesabu hivyo. Matatizo ya mwinuko kwa watu wengi huanza kuonekana kuanzia mita 2,500, na chini ya hapo tofauti ya mita mia mbili tatu haina faida ya kutajika. Kileleni, mita 5,895, msukumo wa hewa ni karibu nusu ya ule wa pwani, na kila pumzi inaleta karibu nusu ya oksijeni. Aliyezaliwa Isamilo na aliyezaliwa Kigamboni wanafika kituo cha Horombo mlimani wakiwa na deni lile lile. Wala nguvu za kifua si kinga. Waongozaji watakwambia kwamba anayeanguka mara nyingi ni yule kijana wa mazoezi aliyetembea mbele ya wenzake siku ya kwanza na ya pili, huku mama wa miaka hamsini aliyekuwa akivuta hatua nyuma akifika juu salama.

Sasa zitazame siku tano zenyewe. Vikundi vingi vya wananchi huchagua njia ya Marangu, ambayo ndiyo njia pekee yenye mabanda ya kulala. Njia nyingine, kama Machame, Lemosho na Rongai, ni za mahema. Geti la Marangu liko karibu mita 1,900. Usiku wa kwanza mnalala Mandara, mita 2,720. Usiku wa pili Horombo, mita 3,720. Usiku wa tatu mnafika mabanda ya Kibo, mita 4,720, mnalala saa chache, na karibu na saa sita usiku mnaamshwa kuanza kupanda kokoto zinazoteleza hadi Gilman's Point, mita 5,685, kisha mnauzunguka ukingo hadi Uhuru. Siku hiyo hiyo mnateremka hadi Horombo. Yaani ndani ya siku moja mmepanda mita 1,175 na kushuka mita 2,175.

Mwongozo wa madaktari wa milimani ni mwepesi kukumbuka: ukishapita mita 3,000, usiongeze zaidi ya mita 500 kati ya mahali ulipolala jana na unapolala leo, na kila baada ya siku tatu au nne pumzika siku moja. Ratiba ya siku tano inaongeza mita 1,000 kila usiku na haina mapumziko. Inauvunja mwongozo huo waziwazi, na inauzwa kwa sababu wanunuzi wapo. Siku ya sita inarekebisha mengi. Mnalala Horombo usiku wa pili na wa tatu, mchana wa katikati mnapanda taratibu hadi kwenye Mawe ya Pundamilia na kurudi, mwili unapata nafasi ya kujipanga. Njia ya Machame ina ujanja kama huo ndani yake: mnapandishwa hadi karibu mita 4,600 kwenye Mnara wa Lava, kisha mnateremshwa kulala Barranco, chini ya mita 4,000. Panda juu, lala chini. Wanaoongoza wageni wameisema kauli hii hadi imewachosha.

Kinachoniudhi ni kwamba siku hii ya sita ni rahisi kwetu kuliko kwa mtu yeyote mwingine duniani. Mgeni asiye mkazi hutozwa na hifadhi, kwa viwango vya miaka ya karibuni, dola 70 kwa kila siku kabla ya kodi, bado malazi na mengineyo. Mtanzania hulipa kwa shilingi, sehemu ndogo sana ya fedha hiyo. Lakini mgeni ndiye anayenunua siku saba au nane, na mwananchi ndiye anayebana siku tano. Gharama kubwa ya siku ya ziada kwetu ni ujira na chakula cha watu wanaotuhudumia. Chukueni daftari la mweka hazina mjumlishe fulana, kofia, bango, keki ya kuagana, ukumbi na chakula cha mgeni rasmi, halafu mwombeni wakala wa safari wa Moshi bei ya siku moja zaidi. Mkishaziweka karatasi hizo mbili pamoja, mjadala utakuwa mfupi.

Likizo nayo ni kisingizio. Anayetoka Mwanza kwa basi anasafiri zaidi ya kilomita 800 kabla hajaliona geti: Misungwi, Shinyanga, Nzega, Igunga, Singida, Babati, Arusha, ndipo Moshi. Mtu aliyekubali kukaa kwenye kiti muda wote huo kwenda na kurudi, kisha akakataa siku moja ya kuulinda ubongo wake usivimbe, hana upungufu wa likizo.

Na hapa kuna jambo ambalo vitabu vya watalii havimwambii mtu wa ziwa hili, kwa sababu havikuandikwa kwa ajili yake. Fomu ya afya ya wakala itakuuliza kuhusu pumu, moyo na shinikizo la damu. Mara nyingi haitakuuliza kuhusu selimundu. Utafiti uliopima damu za watoto wadogo wa mikoa yetu, ukachapishwa mwaka 2018, ulikuta karibu mtoto mmoja kati ya watano amerithi chembe ya selimundu kutoka kwa mzazi mmoja. Watoto hao hukua bila kuumwa na bila kujua. Wanacheza mpira Kirumba, wanaajiriwa, wanajiunga na kamati za mlima. Mwenye ugonjwa wenyewe, aliyerithi kutoka kwa wazazi wote wawili, asiufikirie mlima kabla ya kuonana na daktari bingwa. Lakini hata huyu mwenye chembe ya upande mmoja, anayeitwa mzima na kweli ni mzima, akifika mahali penye oksijeni haba anaweza kupata shida adimu na ya hatari: damu inashindwa kupita vizuri kwenye bandama, na maumivu makali yanamshika chini ya mbavu za kushoto. Mwongozaji ana kifaa cha kubana kidoleni kinachomwonyesha kiasi cha oksijeni kwenye damu yako. Hakimwonyeshi uliyorithi kwa wazazi wako.

Kipimo kipo, na hospitali ya Bugando ina kliniki ya selimundu. Kamati yenye watu ishirini kutoka Kanda ya Ziwa ina kila sababu ya kudhani kwamba wanne hivi kati yao wanaibeba chembe hiyo. Kwangu mimi, kujua ni akina nani ni muhimu kuliko kujua nani anavaa saizi gani ya fulana.

Malaria nayo. Mbu wa Igoma anakuuma leo, homa inakuja baada ya wiki moja au mbili, pengine uko Horombo. Kichwa kinauma, tumbo linachafuka, chakula hakishuki, miguu mizito. Dalili hizo hizo ndizo za ugonjwa wa mwinuko, na hapo mlimani si rahisi kutofautisha. Wapo wanaofarijiana kwa kusema "ni malaria tu", wakameza dozi na kuendelea kupanda. Kwa mtu aliyeko juu ya mita 3,000, kila kichwa kinachouma kihesabiwe ni cha mwinuko mpaka ithibitike vinginevyo: asipande zaidi, na hali ikizidi ateremshwe mara moja, apimwe malaria akiwa njiani kushuka au akishafika chini. Anayeanza kuyumba anapotembea, au anayekohoa na kukosa pumzi akiwa amekaa, hangoji asubuhi.

Kuna pia damu pungufu, ambayo kwetu ina sababu nyingi, kichocho kikiwa mojawapo kwa watu wanaooga, kufua na kuvua kwenye maji haya. Ukienda pale penye nusu ya oksijeni ukiwa na upungufu wa damu, umeenda na gari lenye nusu tanki. Pimeni damu mapema, miezi miwili au mitatu kabla, ili kama ni dawa za minyoo na kichocho au za kuongeza damu ziwe zimefanya kazi. Na kati ya wale wanaoshauriwa kutumia Diamox, dawa ya kuzuia ugonjwa wa mwinuko, waliowahi kuvimba au kutoka malengelenge kwa dawa za salfa wamwambie daktari kabla, maana dawa hiyo ni ya ukoo huo.

Nirudi kwenye kalenda, kwa kuwa kamati zetu hupenda tarehe zenye hotuba. Makundi mengi hupanda ili yawe kileleni Desemba 9, mengine Machi 8 kwa heshima ya Siku ya Wanawake. Heshima hizo nazielewa. Ila Desemba 9 iko kwenye mkia wa vuli na Machi 8 iko kwenye mlango wa masika, na mlima haujui sikukuu. Mvua ya Mandara ikilowesha soksi zako, zitakuwa bado mbichi Kibo, na usiku wa kileleni baridi hushuka chini ya nyuzi sifuri, mara nyingine chini sana. Miezi mizuri ni Januari na Februari, kisha Juni hadi Oktoba. Majirani zetu wa Geita wanalijua hili. Kampeni ya GGM Kili Challenge, iliyoanzishwa na mgodi wa dhahabu wa Geita mwaka 2002 kuchangisha fedha za mapambano dhidi ya Ukimwi, huwapandisha watu wake mwezi Julai. Sasa kwa kuwa daraja la Kigongo hadi Busisi limefunguliwa na Geita imekuwa karibu, kamati za Mwanza zivuke zikawaulize kwa nini Julai.

Mazoezi tunayo mlangoni, na hapa mji wetu unatupendelea kweli. Watu wanalipia mashine za kupanda ngazi wakati Mabatini, Igogo na Isamilo zina ngazi za mawe zinazopandwa kila siku na akina mama wenye ndoo za maji kichwani. Panda kilima cha Bugando na begi lenye lita tano za maji. Shuka nalo pia, bila kuyamwaga, kwa sababu kushuka ndiko kunakovunja magoti na kung'oa kucha za vidole. Tembea kwa buti zile zile utakazokwenda nazo. Buti mpya iliyotoka dukani Makoroboi siku mbili kabla ya safari ni adui. Jaketi nzito, mfuko wa kulalia na tochi ya kichwani hukodishwa Moshi, hakuna haja ya kununua.

Ila vilima vya mjini havifundishi mwinuko. Ndiyo maana natoa pendekezo ambalo sijasikia kamati yoyote ikilijadili: nendeni kwanza Katesh. Basi la Mwanza kwenda Arusha linapita kwenye mguu wa Mlima Hanang, mita 3,420, mlima wenye hadhi ya hifadhi ya mazingira asilia chini ya Wakala wa Huduma za Misitu, TFS. Unapandwa na kushukwa kwa siku moja ndefu, kwa kibali na mwongozaji wa pale pale. Atakayepanda Hanang miezi miwili kabla atajua mambo ambayo hakuna kikao kitakachomfundisha: kichwa chake kinasemaje baada ya mita 3,000, buti inabana wapi, na ni nani kwenye kundi hataki kusikia neno "pumzika". Pia ada na hela ya chakula vitabaki Manyara, kwa watu wanaovihitaji. Mwanzoni mwa Desemba 2023 tope na mawe kutoka mlima huo viliporomokea Katesh na vijiji vya jirani na kuua watu zaidi ya 80. Hapo si pa kwenda kwa mzaha, wala si pa kwenda wakati wa mvua.

Sasa niseme la wagumu.

Ndivyo wanavyoitwa mlimani watu wanaobeba mizigo: wagumu. Kila mpandaji kwa kawaida anahitaji wawili au watatu, mbali na mpishi na mwongozaji. Mtu wa Usukumani angetakiwa kuwa wa kwanza kuwaelewa. Misafara ya karne ya 19, iliyoshusha pembe za ndovu hadi Bagamoyo na kupandisha nguo na shanga, ilikwenda kwa mabega ya Wanyamwezi na Wasukuma. Agosti 1858, John Hanning Speke alipofika hapa Mwanza na kuliona ziwa, alikuwa ameletwa kutoka Kazeh, Tabora ya leo, na wapagazi pamoja na Sidi Mubarak Bombay. Jina la Speke limeandikwa kila mahali. Wapagazi waliombebea hata hicho chombo cha kuchemshia maji alichopimia mwinuko wa ziwa hawana ubao wala mtaa.

Kuhusu kuchemsha maji, niingize hili kwa faida ya walaji. Kadiri unavyopanda ndivyo maji yanavyochemka kwa joto dogo zaidi. Mwanza yanachemka kwenye nyuzi 96 hivi. Kibo ni kama 85. Maharage huko huchelewa mno kuiva, kwa hiyo anayedai makande Kibo anamwonea mpishi. Kunyweni supu.

Narudi kwa wagumu. Hifadhi imeweka kikomo cha kilo 20 kwa mzigo wa mtu mmoja, na mizani ziko getini. Mjini Moshi, mradi wa kusaidia wagumu wa Kilimanjaro, KPAP, umekuwa ukifuatilia tangu 2003 kama kampuni zinawalipa, zinawalisha na kuwapa mahali pa kulala. Kwa muda mrefu kiwango kilichotajwa kuwa cha chini kwa mgumu kilikuwa shilingi 20,000 kwa siku. Wapo wanaolipwa pungufu. Wapo wanaokula mara moja. Wapo wanaopanda na viatu vya raba na koti la mitumba lisilofunga.

Hapa ndipo ile "bei ya uzalendo" inapoingia. Kundi la wananchi linakwenda kwa wakala na kusema: sisi ni Watanzania wenzako, tupunguzie. Ada ya hifadhi haipungui, imeshapangwa na imeshakuwa ndogo. Gesi, chakula na mafuta ya gari havipungui. Kitu pekee kinachoweza kupunguzwa ni watu: wagumu wachache zaidi wenye mizigo mizito zaidi, au wale wale kwa ujira mdogo. Kisha safari ikiisha, bakshishi haipo, na ikiulizwa jibu ni kwamba "sisi si wazungu". Ni kweli sisi si wazungu. Lakini aliyebeba begi lako lenye bango, fulana za ziada na spika ya muziki hadi mita 4,720 amebeba uzito uleule. Uzalendo unaolipiwa na mtu maskini kuliko wewe siutambui.

Kwa hiyo maswali ya kumuuliza wakala yawe haya, na majibu yawekwe kwenye maandishi. Kila mgumu analipwa kiasi gani kwa siku, analipwa siku gani na wapi? Anakula milo mingapi? Analala wapi? Kwenye kundi letu kuna waongozaji wasaidizi wangapi wenye leseni, ili anayeumwa ateremshwe bila kuwarudisha wengine wote? Kuna mtungi wa oksijeni, na kuna machela? Wakala anayekasirika kwa maswali haya amejibu yote kwa pamoja. Bakshishi iandikwe kwenye bajeti tangu siku ya kwanza, ikusanywe kabla hamjapanda basi Nyegezi, na itolewe mbele ya wote, kila mtu akabidhiwe mkononi.

Limebaki moja, nalo ni la kiofisi. Kwenye makundi ya kazini huwa kuna bosi. Nani atamwambia mkurugenzi ageuke? Mwongozaji ni kijana wa Marangu au Machame, amelelewa kuheshimu wakubwa, anamwita mteja wake "mheshimiwa". Wafanyakazi wa chini yake hawatathubutu. Na bosi mwenyewe anajua kuna picha ya pamoja inayosubiriwa kwenye kundi la WhatsApp, tena siku hizi moja kwa moja, maana tangu Agosti 2022 intaneti ya TTCL imefika Horombo. Hivi ndivyo mtu mzima anavyosukumwa kupita Gilman's Point akiwa haoni vizuri. Kamati iandike kabla ya safari, na bosi awe wa kwanza kutia saini, kwamba mlimani neno la mwongozaji halina rufaa, na kwamba aliyegeuzwa hahojiwi. Anayefika Gilman's anapewa cheti na hifadhi. Anayeishia Horombo ametembea kwenye hifadhi ya taifa lake, amekiona kilele cha Mawenzi asubuhi, na Jumatatu atakuwa kazini.

Wenyekiti wa kamati, nawaomba kikao chenu kijacho kifungue ajenda ya fulana mwisho kabisa. Kwanza pangeni siku sita za Marangu au saba za Machame, ndani ya Januari, Februari au miezi ya Juni hadi Oktoba. Wapelekeni wanachama wenu wakapime wingi wa damu na selimundu mwezi huu huu. Tengeni fedha ya wagumu na bakshishi kabla hamjachapisha bango. Michango isipotosha kwa hayo, safari isogezwe mwakani.